Risasi za Mferejini

Nilipoolewa nililetwa Makongeni. Shemeji yangu mkubwa alikuwa mfanyakazi wa reli, akatupa chumba kimoja katika nyumba yake tujishikize mpaka mambo yanyooke. Mume wangu alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni ng'ambo ya reli. Mimi, nisije nikakaa bure, nikaanza kupika mandazi asubuhi na kuyauza mlangoni kwa watu wa viwandani waliokuwa wakipita mbiombio kabla king'ora hakijalia.

Safu yetu ya nyumba ilichota maji katika mfereji mmoja, bomba lililokuwa mwisho kabisa, karibu na reli. Pale ndipo nilipoijua Nairobi. Mwalimu wangu alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama wa mapacha, mwanamke wa Murang'a mwenye mwili na sauti. Asubuhi aliuza mboga sokoni, mchana akarudi kufua. Hakuniita kwa jina hata siku moja.

"Bibi Arusi, hapa mjini ukinyamaza utakufa kiu. Sukuma ndoo yako mbele!"

Wanawake wote wakacheka, nami nikacheka nikasukuma ndoo. Tulicheka sana pale mferejini. Kicheko hicho kilikuja kutajwa kortini, lakini wakati huo nani angejua?

Siku ya kwanza tulidhani ni jiwe. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, ile ndefu ya mchana ambayo ikipita huwezi kumsikia mtu aliye karibu nawe. Ndoo ya msichana mmoja iliruka kutoka chini ya mfereji ikaanguka kando, maji yakimwagika pande mbili. Tuliwalaumu vijana wenye manati, na mama mmoja akaahidi kumchapa wa kwake akirudi. Hakuna aliyejiuliza ni manati gani inayotoboa ndoo ya chuma ikatokea upande wa pili.

Baadaye kidogo kijana aliyekuja kuosha baiskeli yake aliketi chini ghafla, kama mtu aliyechoka. Treni ilipomaliza kupita ndipo tukasikia kwamba alikuwa akipiga mayowe. Bega lake lilikuwa limefumuka. Alipona, lakini mkono ule haukuinuka tena juu ya kifua.

Wa tatu alikuwa mzee mstaafu wa reli aliyependa kunawa miguu pale kabla ya kwenda kucheza bao. Huyo hakupiga mayowe. Aliinama mbele, uso ukaingia kwenye maji aliyokuwa akinawia.

Ndipo mtaa ulipobadilika. Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hakuwapo. Watoto walifungiwa ndani mchana kutwa, na mlio wao ulipokoma ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikiishi ndani ya mlio huo. Nguo zilikaukia vyumbani, zikanuka uvundo. Mtu akitoka nje alitembea akiwa amejibana ukutani, na akifika mwisho wa ukuta alisimama, akavuta pumzi, akakimbia. Wengine walisema ni majambazi wanaojifunza shabaha. Wengine walisema ni jini. Mume wangu alisema ni mtu, na kwamba hilo ndilo baya zaidi.

"Makarao wamekuja!" vijana walipiga kelele siku wapelelezi walipofika. Aliyewaongoza alikuwa inspekta mwembamba, mtu wa pwani, mwenye Kiswahili kilichotufanya tuone haya kuzungumza chetu. Alikwenda mferejini peke yake, akasimama mahali alipofia yule mzee, akatazama upande wa reli kwa muda mrefu. Sisi tulimtazama kupitia nyufa za madirisha tukingoja aanguke.

Risasi iliyompiga kijana wa baiskeli ilikuwa imepita kwenye mabati yaliyozungushiwa mfereji, ikajikita katika ukuta wa nyumba ya nyuma. Inspekta alipitisha uzi kutoka kwenye tundu la ukuta hadi kwenye tundu la mabati, akauvuta ukakaza, akachuchumaa akaufuata kwa jicho. Kisha alituuliza sote swali moja, mlango kwa mlango: "Mlisikia mlio wa bunduki?" Sote tulimjibu kwamba tulisikia treni tu. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa alichokuwa akikitafuta.

Uzi ule ulielekea ng'ambo ya reli, juu. Huko kulikuwa na tangi la maji la kiwanda, mikaratusi kadhaa, na jengo la ghorofa ambalo ujenzi wake ulikuwa umekwama, madirisha yakiwa matundu matupu. Askari walipanda kote. Kwenye lile jengo, mlinzi wake ndiye aliyewafungulia lango akawapandisha sakafu moja hadi nyingine, akiwaonya wasikanyage mbao zilizooza. Hawakupata kitu.

Mlinzi huyo nilimjua. Alikuwa mteja wangu. Kila asubuhi alivuka reli na kikombe chake cha bati, akanunua mandazi na chai, akanywa akiwa amesimama. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mpole, mwenye macho yaliyokunjamana pembeni kama ya mtu aliyetazama mbali maisha yake yote. Wenzake walichukua mandazi bila kunitazama usoni. Yeye aliuliza nimeamkaje, na kama mume wangu amerudi salama kutoka zamu. Nami nilimuuliza habari za kwao.

Asubuhi moja alirudisha kikombe kwenye mfuko wa koti, akaniambia, "Mama, leo chota maji mapema. Mchana usitoke."

"Kwa nini?"

"Jua litakuwa kali."

Nilimshukuru. Nilichota mapema. Mchana ule hapakuwa na jua la ajabu.

Mama wa mapacha alikuwa amechoka kuogopa. Alisema nepi za wanawe haziwezi kukaa siku mbili na kinyesi kwa sababu ya mtu asiye na kazi. Mchana uleule alinigongea mlango akiwa na beseni kiunoni.

"Bibi Arusi, twende. Tukiwa wawili atachanganyikiwa ampige nani."

"Mimi nimeshachota," nikamwambia. "Ngoja jioni."

"Jioni nitakuwa napika." Akacheka, akaenda.

Niliisikia treni ikija. Niliisikia ikipita juu ya ile sehemu ya reli iliyokuwa ikigonga, behewa baada ya behewa. Ilipokwisha nilingoja nisikie sauti ya jirani yangu, maana hakuna siku aliyorudi kimya. Sikuisikia. Nilipotoka nilimwona amelala ubavu kando ya mfereji, mkono mmoja ukiwa bado ndani ya beseni. Nilikimbia nikamshika kichwa. Alikuwa akinitazama. Maji ya mfereji yaliendelea kutiririka kwa sababu hakuna aliyethubutu kuja kuyafunga, nami sikuweza kumwachia.

Kesho yake mtaa ulipata mtu wa kumlaumu. Mpiga picha mmoja wa kuzurura, aliyekuja kila mwisho wa mwezi kupiga picha za familia, alionekana akipita na mfuko mrefu begani. Ndani mlikuwa na miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Kabla hajafungua mfuko kuwaonyesha, walikuwa wameshamwangusha. Mume wangu alijaribu kuwazuia akapigwa kofi. Inspekta alifika na askari wake, akalala juu ya yule mtu kwa mwili wake mwenyewe mpaka mawe yakakoma. Jicho moja la mpiga picha halikuona tena.

Hiyo ndiyo sababu nilinyamaza. Neno la mlinzi lilikuwa limeanza kunizunguka kichwani tangu nilipoosha damu mikononi. Jua litakuwa kali. Nililigeuza huku na huku. Nikakumbuka kwamba aliniambia hivyohivyo asubuhi ya siku aliyokufa yule mzee, na kwamba siku za salama hakutaja jua wala maji. Lakini je, kama ni bahati mbaya tu? Nilikuwa nimeona watu ninaokula nao wakimponda mtu mawe kwa sababu ya mfuko.

Nilimwambia mume wangu. Alikaa kitandani, shavu lake bado limevimba, akafikiri.

"Usimwambie mtu hapa nje," akasema. "Hata kaka yangu. Kesho nenda kwa inspekta mwenyewe."

Inspekta alinisikiliza bila kunikatiza. Nilidhani atanicheka. Badala yake aliuliza mlinzi alifanya kazi gani kabla ya kulinda, nikamwambia kile alichowahi kunisimulia akinywa chai: kwamba zamani aliwabebea bunduki wazungu waliowinda nyati, na mwajiri wake wa mwisho alirudi kwao ghafla akiacha vitu vyake vyote. Inspekta alifumba macho kidogo. Risasi walizotoa miilini mwa marehemu, akaniambia, zote zilitoka katika bunduki moja, na haikuwa ya askari wala ya jambazi. Ilikuwa ya kuwindia wanyama wakubwa.

"Kesho upike mandazi kama kawaida, mama," akasema. "Mimi nitakuwa ndani, nyuma ya pazia. Humwambii lolote. Unamuuzia tu."

Sijawahi kukanda unga mzito kama ule wa siku hiyo. Inspekta aliingia kukiwa bado na umande, akaketi kwenye kigoda nyuma ya pazia letu la maua, bunduki yake ndogo ikiwa mapajani. Wateja walikuja wakaenda. Kisha nikamwona mlinzi akivuka reli, polepole, akiruka kila chuma kwa hatua ndefu.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama."

Alipokea kikombe akakitazama. Chai ilikuwa ikicheza ndani yake.

"Mikono yako inatetemeka, mama."

"Nina homa."

"Pole." Akanywa. Pazia halikusogea. Aliangalia safu nzima ya milango iliyofungwa, akaangalia na mfereji. "Na yule rafiki yako alizikwa?"

"Walimpeleka nyumbani."

"Ni vizuri kuzikwa nyumbani," akasema. Kisha akafuta kikombe kwa pindo la koti. "Basi leo pumzika na hiyo homa. Mchana usitoke. Jua litakuwa kali."

Akaondoka. Nikaketi chini penye karai la mafuta. Inspekta alitoka akapita karibu nami akaelekea kwa askari wake.

Askari waliovaa mavazi ya mafundi wa reli walikuwa wameshasambaa kandokando ya njia, wakigonga vyuma kwa nyundo. Mferejini palizuiwa, lakini inspekta aliagiza kanga na mashuka yatundikwe kwenye kamba, kusudi kutoka mbali paonekane kuna watu. Sisi tulifungiwa ndani. Treni ilipoanza kusikika nilimshika mume wangu, ambaye hakwenda kazini siku hiyo, na wote wawili tukaziba masikio kama watoto.

Risasi haikulia. Walimkamata akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya tatu, bunduki imeegemezwa kwenye dirisha tupu. Alikuwa akiificha ndani ya bomba la saruji lililolazwa sakafuni na wajenzi, ameziba ncha zote mbili kwa udongo. Askari waliokagua jengo walikuwa wamelikalia bomba hilo wakipumzika.

Alipelekwa kwanza mahakamani Makadara, kisha kesi ikasikizwa Mahakama Kuu mjini. Nilitoa ushahidi. Wakili alipomuuliza mlinzi kwa nini aliua, alijibu kwa upole uleule wa mlangoni kwangu. Alisema kutoka kule juu aliwaona watu wa mferejini wakifungua midomo na kucheka, kila siku, na hakusikia wanachocheka. Alikaa juu peke yake akijiuliza. Mwishowe akajua wanamcheka yeye.

"Na huyu mama?" wakili akanionyesha kidole. "Yeye hakucheka?"

Alinitazama. "Huyu alinisalimu," akasema.

Jaji aliandika.  Sote pale mferejini tungemsalimu kama angetupitia karibu. Mama wa mapacha angemsalimu kuliko mtu yeyote. Angemtania, angempa mboga. Mlinzi alihukumiwa kunyongwa.

Siku ya hukumu nilimwona mwanamke nje ya mahakama, ameketi ukutani na kikapu, miguu imejaa vumbi la safari. Watu walimpita kama wanaopita shimo. Askari aliniambia ni mke wa mlinzi, ametoka mbali, na basi lake ni kesho. Mume wangu alinishika mkono tuondoke. Nilisimama pale. Kisha nikaenda nikamwuliza atalala wapi, akasema hajui.

Tulimchukua. Tulipofika, mume wangu hakumwambia jirani yeyote mgeni wetu alikuwa nani. Nilimpa ugali na sukuma wiki. Alikula kidogo, akauliza kama ni kweli waliokufa walikuwa wawili. Nikamwambia ni kweli.

"Kulikuwa na watoto?"

"Mapacha. Nyanya yao amewachukua."

Aliweka tonge chini. "Kwetu hakuwahi kupiga hata mbwa," akasema. 

Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshatandika mkeka, amefagia chumba, na ameketi mlangoni na kikapu chake akingoja nimwonyeshe njia ya kwenda kituoni.