Ufa Kwenye Bampa Jipya

Siku mwanawe alipolileta lile gari, Mama Pazia alikuwa amebana pini mdomoni, kwa hiyo hakuweza kusema lolote. Alisimama mlangoni mwa chumba chake cha kushonea, futi ya kitambaa ikining'inia shingoni, akatazama kitu chekundu, kifupi kama kilichochuchumaa, kikijipenyeza langoni. Mlio wake ulitetemesha vioo vya madirisha.

"Jipya kabisa, mama," mwanawe alisema. Ilimbidi ajikunje kwanza ndipo aweze kushuka. "Hata harufu ya kiwandani haijaisha."

Alizitoa pini moja moja. "Mbona liko chini hivi? Hili likikutana na tuta si litalala hapo hapo?"

Mwanawe alicheka. Alikuwa mhandisi wa meli, na kwa mwaka alirudi nyumbani likizo moja, na hiyo nayo mara nyingine ilikatwa. Utotoni alibandika picha za magari ya spoti ukutani juu ya kitanda chake, na sasa alikuwa amelipata lake bila kuwa na mahali pa kuliweka. Alilizungusha mjini siku chache, kisha likizo ikaisha. Asubuhi ya kuondoka aliliingiza kwenye banda la uani kwa mama yake, pua mbele, akalisogeza hadi mwisho ili lango liweze kufungika. Akasema mtu aliwashe kila wiki betri isife, ila asilitoe bandani.

"Hilo lango lina tuta, na hili gari halitaki ubabe," alisema. "Liungurume tu hapo hapo, inatosha."

Mtu wa kuliwasha alikuwa mmoja tu, Mzee Breki, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa dereva wa basi aliyestaafu. Watu walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kufunga breki za ghafla, na abiria wake walilala hadi wakapitiliza vituo vyao. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Mama Pazia, kwa hiyo yeye na mama huyo waliitana shemeji, na mwanawe alimwita baba mdogo. Mke wa Breki naye alikuwa ametangulia. Kila alasiri mzee huyo alibisha lango, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na cherehani, akanywa chai na kueleza habari ambazo Mama Pazia alikwisha kuzisikia redioni asubuhi. Hakumkatiza. Habari ikisimuliwa na mtu huwa mpya.

Mama Pazia alilishonea gari vazi. Alichukua turubai zito, akalitia kitambaa laini kwa ndani lisije likakwaruza rangi, akalipiga pindo refu lililofika chini kabisa. Breki alipolitazama alisema, "Shemeji, hili gari limevaa kuliko mimi." Kila wiki alikunja turubai upande wa mlango tu, akajipenyeza ndani, akaliwasha. Mara moja alisema kwamba gari ni kama goti, linataka kukunjwa na kunyooshwa, walau lingesogezwa mbele na nyuma kidogo. Mama Pazia akamkumbusha maneno ya mwenye gari, naye akainua mikono. "Gari la mwenyewe," alisema.

Miezi ikapita. Siku moja Mama Pazia alilivua gari turubai lote ili alifue. Akiwa anapangusa vumbi mbele, kitambaa kilikwama mahali. Akainama. Chini ya bampa, upande wa kushoto, palikuwa na ufa wa urefu wa kidole, mweusi, ukingo wake umebenuka kidogo.

Alisimama pale akiwa na kitambaa chenye maji mkononi mpaka maji yakamchuruzikia miguuni.

Mwanawe alipopiga simu kutoka baharini, mama yake alimwambia kuhusu ufa. Sauti ya mwanawe ilikuwa ikikatika. "Nani amelitoa?"

"Hakuna aliyelitoa."

"Mama, bampa halipasuki lenyewe. Ama limegongwa, ama limeburuzwa kwenye lile tuta la lango, ama mtu kaliegesha vibaya. Funguo anazo nani?"

"Baba mdogo wako."

"Wewe huwa unatoka kwenda kupima madirisha ya watu," mwanawe aliendelea. "Unajuaje hakulichukua akazunguka nalo kidogo? Dereva ni dereva."

Hilo neno lilimwingia. Ni kweli alikuwa akitoka, na siku za kuwasha gari alimwachia Breki lango bila kufuli. Jioni ile alijiambia kwamba hamtuhumu mtu, anataka tu kujua. Lakini kesho yake alimmiminia chai bila kumtazama usoni, na mzee aliyeishi kwa kutazama vioo vya nyuma hakushindwa kuona hilo.

"Kuna nini, shemeji?"

"Gari lina ufa mbele. Mwanangu anasema funguo nikae nazo mimi."

Breki alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa funguo, akaziweka juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Ningeligonga ningekuambia. Katika kazi yangu yote niligonga mara moja, ng'ombe, na nilisimama nikamtafuta mwenyewe."

"Sikusema umeligonga."

"Hukusema," Breki alikubali. Akainuka, akaaga kwa adabu yake yote, akaenda zake. Chai aliiacha nusu.

Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata. Mama Pazia alijua kwamba yuko nyumbani, maana alisikia mfuniko wa sufuria yake ukianguka upande wa pili wa ukuta, na kikohozi chake. Mara mbili alisimama karibu na ukuta akitaka kuita. Angesema nini? Njoo, ingawa bado sijui?

Akajitia kazini. Alipata oda ya mapazia ya nyumba ya wageni, vitambaa vya rangi moja, dirisha baada ya dirisha. Kupima madirisha ya watu ndiko kulikomfanya aingie kwenye nyumba zilizojaa sauti. Watoto walimkanyagia futi, kina mama walibishana naye kuhusu rangi, mzee mmoja alilala usingizi wake akikoroma chini ya dirisha analopima. Akirudi kwake alikuta kila kitu kilipo, kama alivyokiacha. Alianza kuacha redio ikiwaka anapotoka, ili akifungua mlango akute mtu anazungumza.

Gari halikuwashwa tena. Funguo zilikaa kwenye kopo la vifungo.

Kisha akauona ufa wa pili, mrefu kuliko ule wa kwanza, ulioanzia chini katikati na kupanda juu kama mzizi. Mama Pazia alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia mbele ya gari. Hakuna mtu aliyekuwa ameligusa. Funguo alikuwa nazo yeye, lango alilifunga yeye, na jirani hakuwa amekanyaga uani. Alikaa pale hadi mapaja yakafa ganzi, akihisi aibu ikimpanda taratibu, kwa sababu kama ufa wa pili haukuwa na mkosaji, huenda hata wa kwanza haukuwa naye.

Alimwita fundi bodi wa gereji ya barabara kuu, mtu mnene mwenye kucheka ovyo. Fundi alilizunguka gari mara mbili bila kuligusa.

"Tuanze na kugongwa," alisema. "Gari likigonga kitu huondoka na rangi ya kile kitu, au huacha yake. Hapa rangi yote ipo. Jiwe la barabarani huchimba kidoa kama nyota. Sikioni." Akapitisha kidole kwenye kibati cha namba. "Skrubu zikikazwa kupita kiasi, ufa huanzia kwenye tundu la skrubu. Hapa pazima. Jua nalo hukausha plastiki, lakini wewe umelivisha kama bibi harusi."

"Basi ni nini?"

"Nipe gunia."

Akalitandika, akalala chini, akawasha tochi ya simu. Aliposema tena hakuwa akicheka. "Mama, inama uone."

Mama Pazia aliinama, magoti yakilia. Mwanzoni hakuelewa anachotazama. Mbele ya gari palikuwa na ukingo wa saruji, ambao yeye mwenyewe alimwambia mwashi aujenge ili gari lisije likapitiliza na kugonga ukuta wa chumba cha kushonea. Midomo ya bampa ilikuwa imeketi juu ya ule ukingo, kama kidevu cha mtu aliyesinzia mezani.

"Siku lilipoegeshwa lilipita juu ya ukingo kwa upenyo wa kidole," fundi alisema. "Lakini upepo wa matairi hupungua wenyewe, hata gari likikaa. Tazama, yamelegea. Limeshuka kidogo kidogo, hadi uzito wa mbele ukaegemea plastiki. Likiwashwa linatetemeka hapo hapo. Lisipowashwa linazidi kulemea. Halijagongwa hili. Limepasuka kwa kukaa."

"Na aliyekuwa akiliwasha, asingeona?"

"Angeonaje? Turubai limefika chini."

Mama Pazia aliushika mlango ili ainuke. Fundi alidhani ni magoti, akampa mkono.

Usiku huo huo mwanawe alipopiga alimweleza yote. Ng'ambo ya simu kulisikika kicheko kifupi. "Kumbe mimi mwenyewe nililiegesha vile. Basi afadhali, mama, hakuna aliyekosea."

"Lakini yupo aliyekosewa."

"Nitampigia baba mdogo."

"Mpigie kesho."

Hakumpigia. Siku ya kwanza Mama Pazia alimtafutia sababu, huenda meli imeingia dhoruba. Baadaye aliacha kumtafutia. Akavaa kanga yake ya kutokea, akatoka kwenye lango lake, akazunguka na kubisha lango la jirani, safari ambayo siku zote ilikuwa ya Breki.

Alimkuta sebuleni katikati ya maboksi.

"Karibu, shemeji. Samahani, kiti ni kimoja tu, vingine vimefungwa kamba."

Alikaa kwenye hicho kimoja na kumweleza, tairi, ukingo, turubai, yote, bila kujipunguzia. "Nilikuvunjia heshima," alimaliza. "Hata kukuuliza sikukuuliza."

Breki alikuwa akikunja sweta. Aliendelea kulikunja. "Yamekwisha."

"Unahama?"

"Binti yangu alikuwa akiniita tangu zamani. Nilikuwa nikimwambia, niende kwako nikafanye nini, huku nina jirani wa kupiga naye soga." Akaliweka sweta kwenye boksi. "Halafu alasiri zikawa ndefu. Akaniuliza tena, nikakubali. Wameshanipakia rangi chumba."

Mama Pazia alitaka kusema asiende. Lakini ukimwomba mtu abaki, lazima uwe na la kumpa, na yeye alikuwa na chai tu. Akamsaidia kufunga vyombo kwenye magazeti. Walifunga hadi giza likaingia, wakicheka kidogo walipokuta ndani ya birika kofia ambayo marehemu mume wa Mama Pazia aliisahau huko enzi zake. Asubuhi gari la mizigo lilikuja.

Nyumba ya pili ikapata wapangaji vijana, waliotoka alfajiri na kurudi usiku, watu wema ambao walimsalimia bila kusimama.

Likizo ilipofika, mwanawe alikuta gari limewekwa bampa jingine, matairi yamejazwa, na mama yake amekaa kitandani na mkoba mapajani.

"Unakwenda wapi?"

"Tunakwenda. Kwa baba mdogo wako."

"Mama, ni mbali."

"Gari si unalo?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulipanda. Alikaa chini mno hata akaona magurudumu ya malori yakipita usawa wa uso wake. Njiani mwanawe alimweleza kwamba amepata mnunuzi. Gari la kulala tu lina faida gani, alisema, na mama yake akajibu kwamba hilo ni lake kuamua.

Breki aliwapokea uani kwa binti yake, akiwa na mjukuu aliyemning'inia shingoni. Alikuwa amenenepa kidogo. Mwanawe Mama Pazia alisimama mbele yake, jitu zima la kuamrisha mashine za meli, akashika mikono nyuma.

"Baba mdogo, nisamehe."

Breki alilizunguka gari na kulitazama bampa. "Limekaa vizuri," alisema. Kisha, bila ukali, "Hukunipigia."

"Sikupiga. Niliona haya."

"Ungepiga na haya yako, ningepokea."

Hakukuwa na zaidi ya hapo. Walikula, watoto wakapanda na kushuka kwenye gari hadi viti vikajaa makombo, na mwenye gari hakusema neno. Mama Pazia na Breki walikaa kibarazani, lakini mazungumzo yao yalikatizwa kila mara, mara mtoto analia, mara mtu anatafuta kiatu. Aliona kwamba pale nyumbani rafiki yake ana nafasi yake, na akafurahi kwa ajili yake kwa shida.

Waliporudi, mwanawe alimshusha langoni bila kuzima injini. Mnunuzi alikuwa akimsubiri, na meli nayo ilikuwa karibu. Alimbusu mkono, akajikunja ndani, akaondoka. Mama Pazia alisikiliza mlio hadi ulipochanganyika na milio mingine ya barabara kuu.

Alikuwa bado anatafuta swichi ya taa simu ilipolia.

"Shemeji, mmefika?" Ilikuwa sauti ya Breki.

"Tumefika." Akaipata swichi, akaibonyeza, chumba kikaonekana. "Nimefika. Mwenyewe kapitiliza."

"Aliendesha vizuri?"

"Anafunga breki kama anaua nyoka."

Breki alicheka hadi akakohoa. Kisha akaanza kumweleza habari aliyoisikia redioni, na Mama Pazia, ambaye alikwisha kuisikia njiani, alivuta kiti akaketi.