Geukeni, Paka Aingie

Nje bado ni giza la Novemba, na Skaidrite Vutsane amelala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, gazeti mkononi, akilisomea bomba la maji ya moto.

"Nauza trekta, imetumika kidogo," anasoma kwa sauti ya chini. "Natafuta mke, awe hanywi pombe. Haya, umesikia? Mwenyewe hajasema kama yeye hanywi."

Nyuma ya bomba yupo paka dume mweusi aliyeletwa juzi. Huoni kitu ila macho. Hajagusa chakula. Skaidrite hamwiti wala hamtazami. Anageuza ukurasa na kuendelea na matangazo ya viazi.

Kwa miaka sita sasa hii ndiyo kazi yake, katika kituo cha kutunzia paka pembezoni mwa mji wa Rezekne. Anafagia, anabadilisha mchanga, anaosha mabakuli, na kila asubuhi kabla ya wenzake kufika anawasomea waoga matangazo madogo madogo ili wazoee sauti ya binadamu. Zamani alikuwa akifungasha jibini kiwandani, hadi kiwanda kilipofungwa. Euro mia saba anazopata kwa mwezi hazifikii alizopata huko.

"Dada yangu yuko Dublin, kila siku ananiambia njoo huku, utapata mara tatu," anasema akijikung'uta vumbi magotini. "Namuuliza, na hawa nani atawasomea? Ananiambia, Skaidrite, una wazimu. Namwambia, wazimu ninao, ila nauli sina."

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na minane hujibu karibu kila swali kwa mzaha. Lakini mtajie Pelite. Atatazama dirishani kwanza, ndipo aseme.

Pelite, kwa lugha ya huku, ni kusema kipanya. Wafanyakazi wa kituo walimbatiza hivyo kwa kejeli, kwa sababu hawajapata kuona paka anayejificha kama yeye. Ni jike dogo la kijivu, lenye sikio moja lililochanika. Aliletwa na mwenye paka, mwanamke kijana aliyekuwa anakwenda Ireland kupanga uyoga kwenye visanduku. Alikuja na blanketi la paka, bakuli lake na machozi tele.

"Watu huwatukana wanaowaleta," anasema Skaidrite. "Mimi simtukani mtu. Yule binti alikaa pale mlangoni mpaka basi likamwacha."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Pelite kamba yake ilionekana toka mbali. Familia ya kwanza iliyomchukua ilimpoteza ndani ya nyumba yao wenyewe. Alikuwa ameingia tumboni mwa kochi. Wakamrudisha. Ya pili ilimvuta kutoka chini ya kitanda ili imbembeleze, akamrarua bwana mkono. Wakamrudisha pia, na maneno juu.

Kituoni kuna sheria. Paka akirudishwa mara ya tatu, hapewi watu tena. Anapelekwa mashambani akaishi ghalani na kujitafutia panya. Kwa paka aliyelelewa juu ya mto wa kitandani, ghala la huku mwezi wa Januari ni kifo, na kila mtu kituoni alilijua hilo. Pelite alikuwa amebakiwa na nyumba moja tu ya kujaribu.

Ndipo mwezi uliopita akaja Kiprian, fundi wa mabati, Muumini wa Kale, wa wale Wakristo wanaoshika ibada ya zamani, kutoka upande wa ziwa Razna. Nyumba ya mama yake iliungua mwaka juzi, naye amemjengea nyingine palepale. Alitaka kuazima paka.

Hapa kwetu mtu hahamii nyumba mpya kabla paka hajatangulia. Kila vuli wanakuja watu wa namna hiyo kituoni, na kila vuli Skaidrite anapandwa na hasira.

"Hatuazimishi! Paka ni ngazi hii, uipande kisha uirudishe kwa jirani?" alimfokea. "Chukua moja kwa moja, au kamtafute jogoo akutangulie."

Kiprian akakubali kuchukua moja kwa moja, mradi awe paka jasiri. Akaonyesha dume la rangi ya chungwa lililokuwa linamsugua viatu. Lakini mama yake, Bibi Fetinya, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa amekwisha kaa chini mbele ya bomba, kitambaa kichwani, anamchungulia Pelite nyuma yake.

"Huyu."

"Mama, huyo hata uso haonyeshi!"

"Ndiyo maana. Hilo dume lako litaingia popote, hata baa. Likiingia kwangu, litakuwa limeniambia nini? Nataka anayeogopa. Huyu akiikubali nyumba, basi nyumba ni nzuri."

Skaidrite anakiri kwamba aliogopa. Siku ya kuhamia nyumba huku ni ngoma na vigelegele, na Pelite alikuwa akizimia kwa sauti ya kijiko. Akatoa sharti: atakwenda naye mwenyewe, na giza likiingia paka hajaingia, anarudi naye. Hiyo ingehesabiwa mara ya tatu.

Nilikuwa mmoja wa waalikwa siku hiyo, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Nyumba ilikuwa imefagiliwa, mlango umeachwa wazi. Fundi wa jiko alikuwa ameliwasha alfajiri ili matofali yakauke, akatoka. Skaidrite aliweka kikapu cha Pelite hatua chache kutoka kizingiti, akafungua kijimlango chake, akarudi nyuma. Tukangoja.

Hakutoka.

Saa sita ikapita. Wageni wakazidi kufika na mikate yao na chumvi, zawadi za nyumba mpya, wakaambiwa wasimame uani. Samaki wa moshi na matango ya siki vikaliwa juu ya bodi ya lori. Mvua nyepesi ikaanza.

"Kiprian!" alipaza jirani mmoja. "Umekopa benki ukamjengea paka?"

"Nyamaza, ule samaki."

"Nakula. Ila miguu yangu ilialikwa ndani."

Watu wakacheka. Baadaye kicheko kikaisha, baridi ikabaki. Kiprian akashindwa kuvumilia, akaenda akainua kikapu ili akimimine mlangoni kama ndoo. Bibi Fetinya alimpiga fimbo ya mguu.

"Ukimsukuma, aliyeingia ni wewe, si yeye!"

"Mama, utaugua! Umekaa nje toka asubuhi!"

"Nilikaa nje miaka miwili. Leo tu ndiyo imekuchosha?"

Kiprian akaweka kikapu chini taratibu. Sijapata kuona mwanamume mzima akitii vile, na sikuona aliyemcheka.

Jua lilipokuwa linagusa misonobari ng'ambo ya ziwa, Skaidrite alisimama. Uso wake ulikuwa umekwisha kukubali kushindwa. Alipiga hatua mbili kuelekea kikapu.

"Mwanangu, ngoja," Bibi Fetinya akasema. Kisha akatugeukia sisi wote. "Hebu jitazameni. Nani kati yenu angeweza kuingia nyumbani kwake akikodolewa macho na watu thelathini? Geukeni."

"Tugeuke wapi, bibi?"

"Ziwani. Na mfunge midomo."

Tukageuka. Nasema kweli, watu thelathini wazima, wenye matumbo na masharubu na mikate kwapani, waliupa mlango mgongo kwa ajili ya paka wa kilo tatu. Hakuna aliyekohoa. Mvua ilitudondokea shingoni, nasi tunatazama maji. Nimehudhuria ibada nyingi katika maisha yangu ambazo hazikuwa na kimya kama kile.

Skaidrite alikuwa karibu yangu. Alikuwa amefumba macho kabisa.

Sikusikia kitu. Hakuna aliyesikia. Ni Bibi Fetinya aliyesema mwishowe, naye bado anatazama ziwa: "Skaidrite, nenda kaangalie."

Alikwenda. Kikapu kilikuwa kitupu.

Upande mmoja kulikuwa na mlango, upande wa pili msitu, na paka yule maisha yake yote alikuwa hajachagua kitu ila kukimbia. Skaidrite alipiga magoti kwenye matope akatafuta. Kisha akainama hadi paji la uso likakaribia kizingiti, akabaki hivyo.

Juu ya mbao mpya za sakafu, nyeupe bado, kulikuwa na nyayo ndogo za maji. Zilikwenda ndani moja kwa moja hadi chini ya jiko. Hazikurudi.

"Ameingia," alisema.

Bibi Fetinya alivua viatu vyake nje. Akajifanyia ishara ya msalaba kwa vidole viwili, kama ilivyo desturi yao, akaingia wa pili, akitembea pembeni mwa ukuta ili asizikanyage zile nyayo. Sisi tukamfuata mmoja mmoja, tumeshika viatu mikononi, tunanong'ona. Ngoma haikupigwa. Skaidrite aliegemea ukuta wa nje akalia kwa nguvu, na Kiprian, asijue la kufanya, akamkabidhi mkia wa samaki.

"Ni joto la jiko tu," ananiambia sasa, akikunja gazeti. "Jioni ile baridi ilishuka, ndani kulikuwa na joto. Mnyama anafuata joto." Analitia gazeti kwapani. "Lakini lilikuwepo toka asubuhi, au siyo?"

Tangu siku hiyo hambebi tena paka mwoga hadi ndani ya nyumba ya mtu. Anafungua kikapu mlangoni na kuwaamuru wenyeji wageuke. Wengine wanacheka, lakini wanageuka. Kwa huyu mweusi wa nyuma ya bomba anatarajia kufanya vivyo hivyo kabla theluji haijafunga barabara.

Bibi Fetinya hupiga simu kila Jumapili, husema "Bado yumo," na kukata. Amemwalika Skaidrite kwa sikukuu. Namuuliza kama atakwenda kumwona Pelite wake.

Anatikisa kichwa.

"Paka ninayemwona tena ni paka aliyerudishwa," anasema. "Yule nilimpenda kuliko wote. Namwomba Mungu nisimwone tena mpaka nife."