Bibi Mwantum na Chura wa Mawe

Siku Sadallah alipomwona Bibi Mwantum kwa mara ya kwanza, yeye Sadallah alikuwa amelala kifudifudi kijitoni, nusu ya mwili ndani ya maji, sikio limeelekea ukingo wa pili. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Juni, mwaka 1905, msituni, mwendo wa nusu siku kutoka kivuko cha Ndundu. Akasikia kicheko. Alipoinua kichwa aliona bibi mfupi amesimama juu ya jiwe, kaniki ameifunga kifuani, na kichwani ana mzigo wa ukindu uliomzidi urefu.

"Umepotelewa na nini, mume wangu?"

Sadallah alikuwa na miaka arobaini na tatu, na tangu utoto mdomo wake ulikuwa mzito mbele ya watu, mbele ya wanawake ndiyo usiseme. Rufiji bibi humwita mjukuu wake mume kwa utani, naye huyu alikuwa amekwisha mpa ujukuu kabla ya kumjua jina. Sadallah akasahau hata kuamkia. Alinyoosha kidole majini.

"Samaki?"

"Chura."

"Mnamla?"

"Hapana, bibi. Namsikiliza."

Bibi alicheka mpaka mzigo ukayumba. Akautua, akapanda mawe matatu kwa miguu mitupu kama mtu apandaye ngazi za nyumba yake, akaenda mahali ambapo maji yalidondoka na kurusha manyunyu ukutani mwa mwamba. Akamwita kwa mkono. Pale mwambani, mahali pa majimaji tu, alikuwa amekaa chura wa rangi ya jiwe, mdogo wa kutosha kiganjani. Mbele yake palikuwa na mayai kama punje, yamegandamana na mwamba kwa ute.

"Huyu haimbi," alisema Bibi Mwantum. "Ungelala hapo mpaka ukaota ukoga. Huyu ni dume, analea. Jike limekwisha zaa likaenda zake."

Kazi ya Sadallah ilikuwa hiyo. Alisoma miaka mitatu tu katika shule ya serikali Dar es Salaam, akajua kusoma, kuandika na kuchora kidogo, na kwa ajili hiyo daktari mmoja wa Kijerumani, mkusanyaji wa wanyama, alimwajiri. Daktari alikuwa na chura mmoja tu wa aina ile, ameletewa ndani ya chupa, wala hakujua kama anaishi kijito kimoja au vijito vyote vya msitu ule, anazaa wapi, anakula nini. Homa ilimzuia kuja mwenyewe. Akamtuma Sadallah na barua ya maagizo, daftari, chupa ishirini za vizibo, na debe la mvinyo mkali wa kuhifadhia.

Bibi Mwantum aliponusa lile debe aliziba pua. "Mnawalewesha kwanza? Na wewe umevaa kofia ya kuswalia!"

Alikuwa mjane, msusi wa mikeka. Tangu usichana wake alikuwa akija vijitoni kukata ukindu, na mikeka yake ilitandikwa Kibiti, Dimani, mpaka Nyamisati kwa wakata mikoko. Kwa kuwa ukindu mzuri hupenda mahali pale pale wapendapo wale vyura, alikuwa amewaona miaka hamsini bila kuulizwa na mtu. Kwa wiki sita alimtembeza Sadallah vijito saba. Katika vinne chura alikuwapo, katika vitatu hakuwapo, na bibi alimwonyesha sababu: palipokatwa miti mikubwa jua lilipiga mwamba, mwamba ukakauka. Sadallah aliandika yote. Mdomo wake ulimfunguka kidogo kidogo. Ilifika siku akamtania bibi kwamba anatembea kama kaa, akajibiwa kwamba kaa angalau ana mke.

Mwisho wa Julai vita vikaanza milimani kwa Wamatumbi. Habari zilishuka haraka: watu wanapewa dawa ya maji, maji yenye mafuta ya nyonyo na punje za mtama, ili risasi ziwe maji. Askari wa Wajerumani wakaja Ndundu, wakapiga kambi karibu na kivuko. Yeyote aliyekutwa na maji ya dawa alinyongwa. Binti yake Bibi Mwantum, aitwaye Zena, akachukua watoto wake akajificha msituni, kama wengi walivyofanya.

Sadallah hakurudi Dar es Salaam. Mguu wake ulikuwa umevimba kwa kidonda, na bado alihitaji kitu kimoja alichoagizwa: mayai mabichi, ayachore yanavyokua. Alimpa Bibi Mwantum chupa tupu.

"Uyabandue taratibu, bibi, uyatie, halafu ujaze maji."

"Maji ya nini? Hawa hawakai majini. Umewaona mwenyewe."

"Daktari ameandika. Mayai ya chura hukaa majini."

"Daktari amewaona wapi, na yuko kitandani?"

Sadallah aliona haya kumbishia mtu mzima, lakini aliona haya zaidi kwenda kinyume na barua. Akasisitiza. Bibi akaguna, akaenda.

Alikamatwa njiani akirudi, kesho yake asubuhi, na askari wa doria. Bibi kizee, peke yake, ana chupa ya maji, na chini ya maji punje kama za mtama. Hawakuhitaji kuuliza zaidi.

Habari ilimfikia Sadallah alipokuwa akiosha kidonda. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Alikwenda kambini akichechemea, barua ya daktari mkononi, na kila hatua alijitungia maneno na kila hatua yakampotea. Mbele ya hema la bwana mkubwa wa kambi palikuwa na shaushi, mkuu wa zamu, mtu mrefu mwenye ndevu.

"Unataka nini wewe?"

"Chupa," alisema Sadallah. "Chupa ni yangu. Mimi ndiye niliyemtuma. Ile si mtama, ni mayai ya chura."

Shaushi aliangua kicheko, akawaita wenzake waje wasikie. "Jana walituambia uji. Leo mayai ya chura! Kesho mtatuambia kuku."

Bwana mkubwa akatoka, akasoma barua, akaisoma tena. Alijua Kiswahili vizuri.

"Barua hii inakusemea wewe," alisema. "Haimsemei yeye. Nitajuaje kama hakuchukua chupa yako akatia dawa yake?"

"Yataanguliwa, bwana. Yana siku nyingi, yamekaribia."

"Kesho kutwa alfajiri tunavuka mto. Ikiwa mtama wako umetembea kabla ya hapo, bibi aende zake. Usipotembea, sitamwacha hai nyuma yangu."

Wakampa chupa. Bibi Mwantum alikuwa chini ya banda, amefungwa kamba kiunoni kwenye nguzo, amekunja miguu kama anayesubiri chai. Sadallah alipiga magoti mbele yake, hakuweza kumtazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mguu unaendeleaje?"

"Bibi, mimi ndiye..."

"Najua ni wewe. Lete hiyo chupa niione." Aliiinua usoni kwake. "Mengine yameshakuwa meupe, yamekufa. Mwaga maji."

"Nikimwaga hayatakauka?"

"Humo yanazama, mume wangu. Mwaga."

Sadallah aliishika chupa. Barua ilisema majini. Macho yake yalikuwa yameyaona mayai juu ya mwamba wiki sita nzima, na bado mkono ulisita, kwa sababu barua iliandikwa na daktari, naye Sadallah hakuwa mtu wa kuandika barua. Halafu akatoa kizibo, akamwaga.

Bibi akaonyesha kwa kidevu. Kwenye kona ya banda palikuwa na mtungi wa maji ya askari, umepasuka chini, unavuja tone tone juu ya jiwe lililoota ukoga. Askari walikuwa wakiulalamikia tangu walipofika. Sadallah alitandaza mayai pale, si chini ya tone bali kando, pale maji yaliporukia. Akavua kofia akatengeneza kivuli. Mtungi ulipopungua aliujaza. Askari walipotaka kuuziba kwa nta aliwazuia kwa mikono miwili, yeye ambaye hakuwahi kumzuia mtu sokoni asimtangulie.

Siku ile hakikutokea kitu. Ya pili mchana mayai mengine matano yakawa meupe, Sadallah akayatoa kwa ncha ya ukindu, kama bibi alivyomwelekeza. Mlemle ndani ya yaliyobaki palionekana kitu cheusi kimejikunja. Shaushi alipita mara ya kwanza akicheka. Mara ya pili alipunguza mwendo. Mara ya tatu alichuchumaa.

Baada ya Alasiri ute mmoja ulipasuka. Kikatoka kiluwiluwi chembamba, chote mkia, hakikudondoka bali kilinata kwenye jiwe, kikajisukuma juu kuelekea tone. Kikafuata kingine. Hata Bibi Mwantum aliyekaa mbali alijua, kwa namna shaushi alivyoshika ndevu zake.

"Wallahi," alisema shaushi, "mtama unatembea."

Bwana mkubwa aliitwa, akainama kwa muda mrefu, akakata kamba mwenyewe kwa kisu chake. Kisha akarudi hemani.

Sadallah alimsindikiza bibi mpaka mwanzo wa njia ya msituni. Viluwiluwi alivifunga juu ya jiwe lao kwa kitambaa kibichi, bibi akavibeba kwapani avirudishe. Njia nzima Sadallah alitafuta jinsi ya kuomba radhi, na njia nzima bibi alisimulia mkeka aliouacha nusu. Hawakuonana tena. Mwezi ule ule Sadallah alisafiri Dar es Salaam na daftari lililojaa, isipokuwa mstari mmoja wa kila ukurasa, ule wa mahali, ambao mpaka leo u mtupu.

Maana pale njiani bibi aliweka mkono begani kwake, akatazama nyuma kuelekea kambini, akasema kwa sauti ndogo:

"Chura umeshamwandika, na ni vizuri. Ila vijito, mume wangu, usivitaje jina. Zena na watoto wamejificha huko."