Acha na Achia

Vyuma vitatu vya njano ndivyo vilituletea shida, mimi na kaka yangu.

Nilikuwa nimemaliza S.6, yaani kidato cha sita, nikapata kazi kwenye karakana moja ya Masese, Jinja. Bosi, mzee wa Kenya, anaunda viungo vya mabomba ya moto. Bomba la kiwanda cha kusafisha mafuta ya kupikia likipata moto linarefuka, na lazima lipate pa kusogea. Ndiyo maana katikati tunaweka kiungo chenye mikunjo kama kodiani. Mzee anapiga hesabu, mimi nachora. Kabla kiungo hakijapanda lori tunakibana na vyuma vitatu, tunavipaka njano, ili mikunjo isicheze njiani. Kikishafungwa kiwandani, vyuma vinatoka. Visipotoka, mikunjo imekufa, bomba linasukuma kila kitu.

Kiungo kimoja kilienda Mbale, kwenye kiwanda ambako kaka yangu alikuwa anaangalia boila, ule mtambo wa kuchemsha mvuke. Walipomaliza kukichomelea akampigia mzee simu. Mimi nilikuwa hapo mezani, simu iko kwa spika.

"Mzee, na hizi vyuma za njano?"

"Achia, bwana. Achia zote, ndiyo uwashe."

"Sawa, mzee."

Kesho yake mimi na mzee tukaenda kukagua. Nilichungulia juu kabla hata ya kusalimia, mimi sijui kusubiri. Mvuke ulishafunguliwa. Vyuma bado viko pale, vinang'aa. Bomba linalia kwaa, kwaa, na nguzo ya zege inayolishika imepasuka.

"Funga mvuke!" nikapiga kelele. "Hamjatoa vyuma!"

Kaka akazungusha valvu mpaka jasho. "We mtu wa karatasi, kelele ya nini? Si mzee alisema acha? Nimeacha."

Hakuna aliyeumia. Lakini meneja akaja, akaona ile nguzo.

"Nani alisema ziachwe?"

"Mimi nilisema achia," mzee akajibu. "Yaani fungua, legeza."

"Ulisema acha," kaka akasema.

Jamaa mmoja wa boila akacheka. "Hii Kiswahili ya Kenya itatuua! Mzee, si useme 'toa' tu?"

Meneja hakucheka. Akanigeukia. "Wewe ulikuwepo. Alisema nini?"

Kaka naye akaniangalia. Ana watoto wanne kule mtaani Namakwekwe, chumba cha kupanga, na ile kazi tu. Ningesema simu ilikuwa inakatika. Lakini mdomo wangu nao hausubiri.

"Alisema achia. Lakini bosi, huku nani anasema achia? Sisi kila kitu ni acha. Acha kelele, acha mkono wangu, acha ng'ombe aende!"

Meneja alisikia neno la kwanza tu. Kaka akaambiwa akabidhi funguo za boila, aende nyumbani mpaka aitwe.

Mzee akabaki kumbembeleza meneja. Mimi nikamfuata kaka mpaka Namakwekwe. Mke wake akauliza mbona amerudi mapema.

"Muulize huyo," kaka akasema, anavua buti. "Huyo ndiye anajua maneno."

Nilikuwa bado kizingitini, nimeshika mlango, sijui niingie au nisiingie.

"Achia," akaniambia, akaivuta ile *i* mpaka watoto wakacheka. "Achia mlango."

Nikauachia. Ukajifunga wenyewe, mimi niko nje.