Sakafu ya Ghala la Divai

Kanisa letu hapa Point, karibu na bandari, linasali ndani ya ghala la kale la divai. Juu kuna viti vya plastiki, ngoma na maikrofoni. Chini, ukishuka ngazi, kuna chumba cha matofali kisicho na dirisha, na mapipa matupu sita ambayo mwenye nyumba amekataza tusiyatoe, eti ni historia. Pasta wetu anahubiri kila Jumapili kwamba pombe ni shetani. Amesimama juu ya mapipa! Nilikuwa nacheka peke yangu.

Bwana yangu alikuwa mlevi. Nasema wazi, maana majirani zetu wote wa mtaa wa Cato Manor walijua. Kisha akaokoka, akaacha, na wazee wa kanisa wakampa funguo awe anasafisha. Eish, nilivyojivuna! Alizivaa shingoni hata akienda sokoni.

Basi Jumamosi moja akarudi mchana akinuka divai. Si kidogo. Shati, nywele, mpaka soksi. Macho yalikuwa meupe, miguu inatembea sawa, lakini pua yangu ilisema lingine.

"Papa watoto, umerudia?"

"Hapana. Ni kule chini. Nikimwaga maji ya moto, sakafu inatoa harufu."

"Siku hizi sakafu ndiyo inakunywa?"

Jumamosi iliyofuata, vilevile. Alipopitiwa na usingizi kwenye kochi nilimnusa mdomo: chai tu. Nikanusa shati: divai. Nikachanganyikiwa kabisa. Niamini nini, mdomo au shati? Asubuhi namwamini, nikipika simwamini, nikipakua chakula namwamini tena. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa miaka tisa. Nikaenda kwa mzee wa kanisa, nikamwambia.

Mzee alimwita mbele yangu. Bwana yangu akarudia neno lile lile, kwamba ni sakafu. Nikacheka. Kwa hasira au kwa aibu, mpaka leo sijui. Mzee akanyoosha mkono, akachukua funguo.

Toka siku ile bwana yangu hakukanyaga kanisani. Alikaa kwenye kochi, hanywi, hasemi. Kimya kile kilinitisha kuliko makelele ya zamani. Kama hakuna anayekuamini kwamba umeacha, utaendelea kuacha kwa ajili ya nani?

Kazi ya kusafisha nikapewa mimi, pamoja na funguo. Jumamosi nikashuka na ndoo ya maji ya moto na sabuni. Nilipomwaga tu, Mungu wangu! Harufu ilipanda kutoka kwenye matofali, tamu na chachu, ikaniingia kwenye nguo na nywele. Nikapiga magoti nikasugua huku nalia, sijui ni furaha au ni aibu. Bwana yangu ni msafi, na aliyemchafua ni mimi.

Nikapanda mbio na magoti yangu yaliyolowa. Mzee alikuwa anapanga viti. Kabla sijafungua mdomo, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, hata wewe?"

"Mzee, ni sakafu! Shuka mwenyewe uone!"

Akanitazama kwa huruma, ile huruma mbaya.

"Bwana yako alisema hivyo hivyo," akasema. "Na wewe ulicheka."

Kisha akanyoosha mkono, nimpe funguo.