Kadi Niliyoisogeza kwa Jina la Muzehe Azariya

Mimi ndiye niliyeisogeza ile kadi. Naanza na hilo, usije ukanionea huruma kabla ya wakati.

Jumatatu iliyopita asubuhi niliondoka Gisozi, mjini Kigali, bila kujua ninakokwenda. Begi moja, simu nimeizima, viatu vimejaa vumbi la msasa. Kuondoka si kitu kigeni kwangu. Nilizaliwa Ngara, upande wa Tanzania, shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka miwili. Nimechoma matofali, nimeuza vocha, nimejifunza kutengeneza redio kwa mtu ambaye jina lake silikumbuki tena. Kitu kikiwa kipya, nakitaka. Ndiyo sifa yangu niliyojivunia. Sifa gani hiyo!

Pale Gisozi nilikuwa napiga msasa na vanishi kwenye karakana moja ya samani. Bosi wetu alikulia Kampala, ofisi yake iko Kimihurura, mtaa wa wenye nazo, na naapa hajawahi kushika randa mkononi. Siku moja alitujia na kompyuta yake, akaiweka juu ya benchi baada ya kulifuta mara tatu kwa leso, akatuonyesha ubao wa mtandaoni.

Kila kazi ina kadi yake. Nyekundu, haijaanza. Njano, inafanyika. Kijani, imekwisha. Unaisogeza kwa kidole.

"Jamani timu," akasema, "kuanzia leo sina haja ya kuja huku kwenye vumbi. Nitawaona wote humu ndani."

Kama kwamba alikuwa anakuja!

Wenzangu waliangalia ule ubao kama ng'ombe anayeonyeshwa picha ya majani. Mimi nilishautumia wote kabla bosi hajafunga kompyuta. Niliona hata pale panapotunzwa kumbukumbu: nani kasogeza nini, saa ngapi. Nikawa mtu mkubwa. Nikawadharau wote, na wa kwanza kumdharau alikuwa Muzehe Azariya.

Muzehe, ndivyo wanavyomwita mzee kule Kigali, ndiye alikuwa fundi mkuu. Alikuwa na desturi yake. Kiti kikiisha, anakikalia kwa uzito wake wote, anayumba kushoto, anayumba kulia, anasikiliza. Kisha anakipindua na kuchora mistari mitatu ya chaki chini ya kikalio. Bila chaki hiyo hakitoki, hata mteja awe mlangoni na lori linanguruma. Mimi nilisema hayo ni mambo ya kizamani. Mtu mzima kucheza bembea juu ya viti!

Bosi alitaka kila mtu aonekane kwenye ubao. Muzehe ana simu ya tochi tu, kwa hiyo nikamfungulia akaunti kwenye simu yangu, jina lake, nywila nikaijua mimi.

"Kazi zako nitakuwa nazisogeza mimi, Muzehe."

"Sogeza tu, sha, kijana wangu," akanijibu. "Lakini chaki kwanza, kidole baadaye."

Nilicheka. Nasikia hicho kicheko changu mpaka leo.

Ikaja kazi ya viti themanini vya ukumbi mpya kule Kicukiro. Vile thelathini vya mwisho Muzehe alivitia gundi Jumatatu, akavikaza kwa vibano, akapata habari ya msiba wa dada yake kule Musanze. Alipokuwa anafunga mkoba wake alituambia sote: "Hivi viko na gundi mbichi. Msiviguse mpaka nirudi Alhamisi."

Jumanne saa nne asubuhi bosi akaandika kwenye kundi letu: "Ubao mzima ni kijani, isipokuwa kadi moja. Ni ya nani hiyo? Timu nzima inamsubiri mtu mmoja!" Akaongeza na picha ya saa. Huyo mtu mmoja alikuwa anamzika dada yake, na bosi hakujua, kwa sababu msiba hauna kadi.

Ningeweza kumjibu. Maneno matatu tu: gundi bado mbichi. Lakini bosi alikuwa ameshaninong'oneza kwamba anatafuta mtu wa kusimamia ubao wa karakana zake zote, mtu wa kukaa Kimihurura kwenye kiti chenye magurudumu. Mtu wa kijani, alisema. Nikagusa viti kwa nje, nikaona pakavu. Nikaingia kwa jina la Muzehe, nikaisogeza kadi.

Kijani! Makofi yakamiminika kwenye simu, vijikono vya njano kumi na viwili. Na ule ubao ulikuwa umetegeshwa hivi: kadi zote zikiwa kijani, dereva wa lori anapata ujumbe bila mtu kuutuma. Kabla ya adhuhuri lori lilikuwa mlangoni, na mimi nafungua vibano kwa mikono yangu miwili.

Mama Divine, fundi wa makochi, akaacha sindano yake. "Muzehe amevikalia hivyo?"

"Ubao unaonyesha kijani, mama."

"Huo ubao una makalio?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikamwona mshamba.

Alhamisi ukumbi ukafunguliwa. Viti vinne viliachia maungio, miguu ikatawanyika. Mama mmoja mgeni akaanguka na kuvunjika mkono. Hakuwa na kosa lolote yule mama, alikaa tu.

Ijumaa bosi alikuja karakana, mara ya kwanza baada ya miezi mitatu. Akasimama na kompyuta yake, akasoma ile kumbukumbu kwa sauti kama hakimu: "Azariya. Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili. Amesogeza kadi kwenye kijani."

Muzehe alikuwa amerudi jana yake. "Jumanne mimi nilikuwa makaburini, bosi. Musanze."

"Mtandao unafika Musanze, Muzehe. Mtu anabonyeza popote."

Anabonyeza popote! Kwa simu ya tochi! Mtu mwenye digrii alisema hivyo mbele ya watu thelathini, na kompyuta yake haikuona aibu.

Muzehe hakupandisha sauti. "Viti vilivyovunjika vimerudi, vile pale. Vipindue. Utaona chaki yangu?"

"Sina muda wa kupindua viti. Jina lililoandikwa hapa ni la nani?"

Basi Muzehe akageuka akanitazama. Hakunionyesha kidole wala hakulitaja jina langu. Alinitazama tu na kusubiri, kama anavyosubiri juu ya kiti asikie kama kitalia. Karakana yote ilijua nywila iko kwa nani. Wote walikuwa wananisubiri mimi, maana riziki zao ziko mkononi mwa bosi na ulimi ulikuwa wangu.

Nikaangalia viatu vyangu.

"Kama jina ni langu," Muzehe akasema, "basi ni langu." Akachukua randa yake na kipande chake cha chaki, akatoka. Miaka kumi na minne ya kazi, na bosi alikuwa ameshaanza kuongea na simu.

Kazi ya ubao nikapewa. Raha yake niliipata wapi? Nikifika karakana, mazungumzo yanakatika. Mama Divine alinibatiza jina. "Bwana Kijani karibu! Hii chai imeiva, au umeisogeza tu?" Mafundi walipokea kadi zangu bila kuniangalia usoni. Ubao ulikuwa unang'aa kijani, na viti vilikuwa vinatoka bila mtu wa kuvikalia.

Wiki mbili nilivumilia, halafu nikaandika ukweli wote. Niliuandika chini ya kadi ileile, mahali pa maoni, ili bosi auone: kwamba ni mimi, kwamba nywila ni yangu, kwamba Muzehe alikataza. Mistari kumi na moja. Baada ya dakika moja bosi akajibu. Aliweka kidole gumba.

Kidole gumba! Hakusoma hata neno. Aliona maoni, akabonyeza, akaendelea na maisha yake. Nilimdharau siku ile kuliko nilivyowahi kumdharau mtu, mpaka nilipogundua kwamba nilikuwa nimechagua makusudi mahali ambapo najua hasomi.

Ndiyo asubuhi yake nikabeba begi. Nikiteremka mlima nikapita kwa Muzehe. Alikuwa uani, anatengeneza mlango wa banda la kuku la jirani. Nikaungama kila kitu, nimesimama, begi mgongoni. Alinisikiliza bila kuacha randa.

"Unaniambia mimi?" akasema. "Mimi nilikuwa nalijua. Kawaambie wasiojua."

Hakunikaribisha kukaa. Nikaenda.

Basi nawaambia ninyi msiojua: Azariya hakukosea. Viti havikuwa na chaki. Na ona nilivyo, hata hapa jina langu nimelificha!

Wewe unayeongoza watu kwa rangi za kwenye kioo, inuka, nenda kapindue kiti. Na wewe mjuaji wa simu, unayewashikia wazee nywila zao, jua kwamba umeshika jina la mtu. Usiwacheke wanaochelewa kusema imekwisha. Wengine wanachelewa kwa sababu bado wanasikiliza.

Basi nililopanda lilikuwa linakwenda Nyamata, kwa hiyo nikashukia Nyamata. Simjui mtu huku. Mama mmoja mwenye vyumba nyuma ya soko amenipa kimoja: kitanda, ndoo, kigoda. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kukipindua kile kigoda.

"Unatafuta kunguni?" akaniuliza, amekunja uso. "Kwangu hakuna kunguni."

"Hapana, mama. Natazama tu."

Hapakuwa na kitu, mbao tupu. Nikakikalia kwa uzito wangu wote, nikayumba kushoto, nikayumba kulia. Kikalia. Nimemwomba nyundo.