Siku Tuliyomzika Mjomba Bila Kanisa

Mama alinipigia simu wakati wa mapumziko ya saa nne, nikiwa nimekaa ofisini na walimu wenzangu, kikombe cha chai mkononi. Hakunisalimu. Alisema, "Mjomba wako ametutoka alfajiri. Njoo." Nikasikia kuku wakilia nyuma yake, akaongeza, "Na uje na kitabu chako cha sala."

Nafundisha jiografia Newala, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kwetu ni chini, ukishateremka mlima, kijiji kilichopo kati ya Lulindi na Chidya. Babu yake mama alibatizwa na wamisionari, akawa mwalimu wa kanisa, na tangu hapo ukoo wetu haukuwahi kukosa mtu wa kushika kitabu. Zamu hiyo ilinifikia mimi. Nikawa msomaji kanisani huku Newala: naongoza sala padre asipokuwepo, nasoma masomo, navaa kanzu nyeupe niliyoshonewa na akina mama.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa seremala. Mabenchi yote ya kanisa la kijijini ni kazi ya mikono yake, pamoja na yale mawili ya nyuma yanayoyumba, ambayo alisema aliyatengeneza akiwa na homa. Mke wake wa kwanza alifariki mapema. Baada ya miaka akamchukua mjane mmoja Mwislamu kutoka Kitangari, mama mpole anayetembea taratibu na kucheka kwa nguvu. Wazee wa kanisa wakamwita. Wakamtaka ama mama yule abatizwe wafunge ndoa, ama waachane. Upande wa msikitini nao wakamwambia asilimu. Mjomba akawajibu wote jibu moja, nami nilikuwepo alipokuwa akimsimulia mama: "Huyu nilimkuta anasali. Nitamwambiaje aache sala zake ili mimi nipewe mkate kanisani?"

Basi akatengwa. Hakukasirika, angalau hakuonyesha. Benchi likivunjika walimwita, akaenda siku za kazi na nyundo yake, akagongelea, akarudi nyumbani. Jumapili hakuonekana. Ilikwenda hivyo miaka zaidi ya ishirini.

Nikiwa kwenye gari kuelekea Masasi, mjomba nilimlilia, lakini kilichonielemea zaidi kilikuwa kile kitabu ndani ya mkoba. Kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Sikuwa naamini tena. Ilianza siku niliyopewa karatasi ya waliotengwa niisome mbele ya watu, kama tulivyokuwa tukifanya. Jina la tatu lilikuwa la binti niliyemfundisha, amezaa nyumbani kwao. Alikuwepo, amekaa benchi la mwisho, mtoto mgongoni. Nililisoma jina lake kwa sauti ileile niliyokuwa nikiitia mahudhurio darasani. Akainamisha kichwa. Jioni nilipopiga magoti kitandani kwangu niliona nazungumza peke yangu. Nikangoja hali ile ipite. Haikupita. Miaka saba nilivaa kanzu, nikasoma, nikaimba, na watu wakaniambia, "Mwalimu, leo umetubariki," nami nikaitikia ahsante.

Kwa nini sikuacha? Nimejiuliza sana. Jibu nililolipata halikunifurahisha: niliogopa kubaki peke yangu. Pale Newala mimi ni mgeni pia, hata kama kwetu si mbali. Nilipofanyiwa upasuaji, ni akina mama wa kanisani walionitekea maji, na maji ya kule juu si ya mzaha, foleni ya ndoo unaweza kuikaa asubuhi nzima. Walipika, walifua, walinikemea nilipotaka kuinuka mapema. Mwalimu mwenzangu aliyetoka Mbeya aliniambia kwamba alipohamia tu, kabla hata ya kununua godoro, alitafuta kanisa la kwao. "Si kwamba mimi ni mcha Mungu sana," alisema. "Lakini nikifa huku, nani atajua nyumbani kwetu ni wapi?"

Nilifika msibani mchana. Ilikuwa msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, hewa yote inanuka, na wanaume wengine walikuja na nguo zenye vumbi lake la njano. Mke wa mjomba alikuwa ndani, amejifunika, amezungukwa na ndugu zake waliofika kutoka Kitangari. Nilimshika mikono, tukalia.

Padre alikuwa chini ya turubai. Ni kijana, mgeni wa mkoa wetu, hana mwaka pale. Alinisalimia shikamoo kabla sijakaa, nikaitikia marahaba, akanivuta pembeni. Uso wake ulionyesha hakulala vizuri.

"Mwalimu, mjomba wako alitengwa na hakurudi," alisema. "Jeneza haliwezi kuingia kanisani, na mimi siwezi kumzika nikiwa na kanzu. Utaratibu huu sikuutunga mimi."

"Nafahamu, padre."

"Ila wewe ni msomaji, na ni mpwa wake. Ukiongoza sala kama mtu wa familia, sitasema neno."

Alidhani ananipa zawadi. Nilimshukuru, nikaenda moja kwa moja jikoni, nyuma ya nyumba, ambako mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mbaazi. Ana zaidi ya miaka sabini na bado hakubali kukaa bure hata kwenye msiba wa kaka yake. Niliinama karibu naye.

"Mama, siwezi kuongoza hiyo sala."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Siamini tena. Sijaamini siku nyingi."

Vidole vyake havikusimama. "Tangu lini?"

"Miaka saba."

"Na hiyo miaka yote ulikuwa unasoma kanisani?"

"Nilikuwa nasoma."

Akatupa punje mbovu pembeni. Nilitegemea alie, au aniite kwa jina la bibi yake, yule niliyepewa jina lake, kama anavyofanya akitaka nione aibu. Hakufanya hivyo. Alinijibu kwa Kimakua, lugha anayoitumia anapotaka maneno yaishe. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Mimi sijakuuliza unaamini nini. Sitaki kaka yangu afukiwe kimya kama mbwa. Kusoma unajua?"

"Najua."

"Basi utasoma unachoweza kusoma. Usichokiweza, ruka."

Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Miaka saba," alisema, safari hii kwa Kiswahili, polepole. "Ulikuwa unalala kweli wewe?"

Hapo ndipo nilipolia kilio changu chote, pale kwenye majivu ya jikoni, na mama akaendelea na mbaazi zake, goti lake limegusa bega langu.

Kaburi lilichimbwa kwenye shamba la mikorosho la ukoo. Waliolichimba walikuwa vijana na wazee wa msikitini. Walikuja wenyewe na majembe yao asubuhi ya siku ya pili. Mkubwa wao alimwambia mama, "Alitutengenezea milango ya msikiti. Tutamlaza sisi." Nami nilikuwa na wasiwasi kuhusu nyimbo. Kwaya ilikatazwa kuja kama kwaya. Nilijiona nimesimama pale na kitabu, mtu mmoja asiyeamini, kaburi limezungukwa na watu walionyamaza.

Tulipofika shambani na jeneza, niliwaona wakitokea kwenye njia ya kisimani, mmoja mmoja, kila mwanamke na khanga yake ya kawaida, hakuna sare, hakuna kitambaa cheupe kichwani. Hawakuja kama kwaya. Walikuja kama majirani, ila walikuwa walewale, na waliposimama walijikuta wamejipanga kwa sauti zao, nyembamba huku na nzito kule, kwa mazoea tu. Mmoja akaanzisha. Wote wakaitikia.

Padre naye alikuwepo. Alivaa shati la mikono mifupi na viatu vya mvua, na ilipofika wakati wa kufukia alichukua sepetu kutoka kwa mzee mmoja wa msikitini, akafukia mpaka shati likalowa jasho. Hakusema neno, kama alivyoahidi.

Nilisoma zaburi moja kwa sababu mjomba aliipenda. Kisha nikafunga kitabu. Nilieleza ninachokijua: kwamba aliwachongea watu vitanda vya kuzalia na vya kufia, kwamba hakuwahi kumwambia mkewe asali au asisali, kwamba alitengwa na hakutenga mtu. Nilisema sijui yuko wapi sasa. Hakuna aliyeguna. Mzee wa msikitini akasema amina yake, akina mama wakasema yao, tukaondoka.

Mke wa mjomba hakwenda kaburini, kwa desturi yao. Tuliporudi aliniita ndani. "Ulisema nini huko, mwanangu? Nieleze kila kitu."

Nikaketi mkekani nikarudia neno kwa neno. Nilipofika kwenye kutenga, alifunga macho. Alipoyafumbua akacheka kile kicheko chake, machozi yanamtoka. "Umesahau kusema alikuwa anakoroma."

Nyumba ya mjomba, kwa mila yetu ya kurithi upande wa kikeni, ilirudi kwa mama, dada yake, na kwa sisi wapwa. Tulikaa wote, tukakubaliana bila ubishi kwamba mjane wake akae humo mpaka atakapochoka mwenyewe. Mpaka leo hajachoka.

Kabla ya kupanda mlima nilikwenda kumuaga padre. Nikamwambia ukweli wangu, na kwamba nikifika Newala nitairudisha kanzu. Alikuwa anajimwagia maji miguuni kutoa udongo.

"Ni kwa sababu yetu? Kwa haya ya jana?"

"Hapana. Ni zamani. Jana ndiyo kidogo ilinipa moyo wa kusema."

Akaweka kopo chini. "Akina mama wa Newala watakufukuza?"

"Sijui."

Hawakunifukuza. Nilipowaeleza, mkubwa wao aliuliza maswali mawili: kama nitaendelea kuimba sauti ya alto, na kama Jumamosi zamu yangu ya kumpelekea maji mgonjwa mmoja iko palepale. Nikajibu ndiyo kwa yote mawili. Wapo walioacha kunisalimu, wachache, na mmoja ananiombea kwa sauti nikiwa nasikia. Nimewaacha. Binti yule niliyesoma jina lake nilimtafuta, nikamwomba msamaha nyumbani kwao, mtoto wake sasa yuko darasa la pili. Alisema alishasahau. Sikumwamini, lakini alinipikia ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu, na tulikula pamoja.

Jumapili nyingine nakwenda, nakaa benchi la kati bila kanzu, naimba ninachotaka kuimba. Nyingine nabaki nyumbani nafua. Na usiku nalala.